Mkuyu na Wapangaji Wake

Mti huu uliosimama mbele yako, ewe mgeni, ni mkuyu, nao wataalamu huuita Ficus sur. Na makuyu yake, yaning'iniayo shinani na matawini kwa vichala, ni nyumba za nyigu wadogo mno, wenye urefu wa takriban milimita 2, ambao lau si wao mti huu usingalipata mbegu hata moja.

Nyigu jike hupenya tundu jembamba la kuyu changa, aghalabu akiacha mbawa zake mlangoni, akayatia chavua maua yaliyofichika ndani, akataga mayai katika baadhi yake, kisha akafa humo humo. Kila buu, likiwa limefungiwa katika ua lake moja, hula, hukua na kugeuka nyigu pasipo kuona mwanga. Madume, wasio na mbawa, ndio watanguliao kutoka, wakawaendea majike wangali kifungoni, wakachimba njia ya kutokea. Nao, maskini, ajali huwafika hapo hapo. Majike huruka na chavua yao, wakiwa na siku moja au mbili tu za kulitafuta kuyu jingine.

Ahadi hii baina ya mti na mdudu ina umri wa zaidi ya miaka milioni 60. Msitu huu wa Kakamega, uliomo mkuyu huu, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, na Buyangu, upande wa kaskazini, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Humo kima na hondohondo hula makuyu yaivapo, na wapangaji waliosalia pia.