Mkaa Usafishao
Tumezoea kuuona mkaa kuwa kitu cha kuchafua mikono, wala hatukumbuki kwamba umeokoa watu wengi. Mwaka 1785, katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, mtengeneza dawa Tobias Lowitz aliona ya kuwa unga wa mkaa huondoa rangi katika vimiminiko. Baadaye akaona kwamba huondoa na uvundo pia. Sababu ni vitundu visivyohesabika vilivyomo ndani yake, ambavyo uchafu hunata katika kuta zake. Mkaa ukiunguzwa tena kwa mvuke wa moto mkali vitundu huzidi, hata gramu moja ikawa na eneo la zaidi ya mita za mraba 500.

Tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani walifungulia hewa ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, na askari wakafa kwa kukosa pumzi. Mwaka uo huo Nikolai Zelinsky, mwanachuoni wa Urusi, alitengeneza kinyago chenye mkaa wa kuzuia sumu. Mwaka 1918 Wamarekani nao walichoma vifuu vya nazi na kokwa za matunda kwa kazi iyo hiyo.

Lakini tusidanganyike: mkaa huondoa harufu na rangi, hauui vijidudu vya maradhi. Maji maangavu yaweza kuwa na kipindupindu, yatupasa kuyachemsha.