Habari za Hukumu ya Kunyongwa katika Uganda

Mwaka 1981, katika nchi ya Masaka, Edward Edmary Mpagi alikamatwa pamoja na binamu yake, wakashitakiwa kwa ajili ya kifo cha mtu wa jirani. Mwaka uliofuata wote wawili walihukumiwa kunyongwa, wakapelekwa katika gereza la Luzira, huko kando ya ziwa, wakawekwa pamoja na wale wanaongoja kitanzi. Korti haikuhukumu bila ya ushahidi. Mashahidi waliletwa wakasema, na daktari naye alisimama akashuhudia kwamba maiti aliipima. Upungufu wa shauri lile ulikuwa mmoja tu: maiti haikuwapo, kwani huyo aliyesemwa amekufa alikuwa hai. Baina ya nyumba mbili palikuwa na ugomvi, na daktari alikuwa amepewa fedha.

Binamu aliugua akafa gerezani mwaka 1985, akazikwa na jina la mwuaji. Mpagi akabaki. Watu wa kijijini walimwona yule “marehemu” kwa macho yao, jamaa wakapeleka habari, wakubwa wa Serikali wakapeleleza na kuona kwamba ni kweli. Na hata hivyo mfungwa hakufunguliwa ila mwaka 2000, baada ya miaka 18 na zaidi. Tena alifunguliwa kwa msamaha wa Rais. Neno hilo lafaa kutazamwa vizuri, maana asameheweye ni mwenye kosa. Sheria haikupata njia nyingine ya kumwambia mtu huyu kwamba hakutenda neno, ila kumsamehe jambo ambalo hakulitenda.

Makosa ya ushahidi yako katika kila nchi na kila zama, wala hapana korti ya wanadamu iliyosalimika nayo. Lakini katika Uganda kosa la namna hiyo lilikuwa na mwenzake, na huyo mwenzake alikuwa ndani ya sheria yenyewe. Jaji akiisha kuona kwamba mshitakiwa ameua kwa kusudi, hakuwa na ruhusa ya kufikiri zaidi. Adhabu ilikuwa moja, imekwisha kuandikwa, naye kazi yake ni kuisoma tu. Awe mshitakiwa ni jambazi aliyeua watu njiani kwa ajili ya mali, au awe mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka mingi hata siku moja akashika panga, kitanzi kilikuwa kimoja.

Sheria hiyo haikuwa ya wenyeji, wala haikuingia siku ya kwanza ya Waingereza. Agizo la Mfalme la mwaka 1902 liliweka Mahakama Kuu katika Uganda na kuingiza sheria ya Kiingereza, na katika mambo ya jinai zikatumika kanuni zilizotungwa kwa ajili ya Bara Hindi mwaka 1860. Kanuni zile za Kihindi, pamoja na ukali wake, zilimpa jaji njia mbili kwa mwenye kuua: ama kumpa kifo, ama kumfunga maisha. Mwaka 1930 ndipo Uganda, Kenya na Tanganyika zilipopewa kanuni mpya za jinai, zenye kufanana kama watoto wa mama mmoja, na ile njia ya pili ikazibwa. Mtu akipatikana na hatia ya kuua kwa kusudi, sheria ilisema, atahukumiwa kufa. Basi.

Watawala wenyewe waliujua ugumu wa jambo hili. Ndiyo maana baada ya korti kuhukumu, faili lilikwenda kwa Gavana na baraza lake, na watu wengi walibadilishiwa adhabu huko. Lakini hukumu ya huko haikuwa hukumu ya korti. Mfungwa hakuitwa akasikilizwa, wakili wake hakusimama, wala sababu hazikusomwa hadharani. Aliyekufa alikufa na aliyepona alipona, na jamaa hawakujua kwa nini. Ajabu zaidi ni kwamba Waingereza waliipunguza sheria hiyo kwao mwaka 1957, na mwaka 1965 wakaacha kunyonga kwa kosa la kuua. Lakini makoloni yao ya zamani yalibaki nayo kama mtu aliyeachiwa nguo na mgeni, akaendelea kuivaa hali mwenyewe amekwisha kuitupa.

Kwa waliosoma fikihi, habari hii ina mahali pa kulinganishwa. Katika sheria ya Kiislamu mwenye kuua kwa makusudi anastahili kisasi, na hapana wa kulikana hilo. Lakini wenye damu, yaani warithi wa aliyeuawa, wamepewa hiari: watake kisasi, au wapokee dia, au wasamehe. Kadhi naye ameamrishwa kuzuia adhabu kubwa palipo na shaka. Adhabu ipo, na ni nzito, lakini imezungukwa na milango. Hayo hayakuwa sheria ya Uganda katika mambo ya damu, na hata Katiba ya mwaka 1995 ilipozitaja korti za makadhi iliwapa ndoa, talaka na mirathi, si jinai. Yametajwa hapa kwa sababu wako Waislamu waliodhani kwamba kuitetea ile sheria ya mwaka 1930 ni kuitetea dini. Sivyo. Sheria ile ilimnyima mwenye damu hata nafasi ya kuulizwa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 mambo hayakulegea, bali yalikazwa. Wanyang’anyi wenye silaha, walioitwa kondo, walikuwa wakiwatisha watu wa mjini na mashamba, na mwaka 1968 unyang’anyi wa namna hiyo ukatiwa katika makosa yenye adhabu ya lazima ya kifo. Kisha zikaja zama za Idi Amin, na korti za kijeshi zikachukua mashauri ya raia. Tarehe 10 Februari 1973 watu 12, waliokwisha kuhukumiwa na korti ya kijeshi, walipigwa risasi mbele ya umati katika miji mbalimbali ya nchi. Kwamba mtawala huyo alikuwa Mwislamu si sababu ya kulipitia jambo hili kimya. Damu iliyomwagwa bila ya kusikilizwa vizuri ni damu, mwenye kuimwaga awe nani.

Wala mwendo wa haraka haukwisha pamoja na Amin. Mwezi Machi mwaka 2002, huko Kotido katika Karamoja, askari wawili walishitakiwa kumwua padre wa Kiairishi na wenzake. Korti ya kijeshi ya uwanjani iliwasikiliza kwa muda usiotimia saa tatu, na siku ile ile wakapigwa risasi. Rufaa hawakukata. Wamisionari wenyewe, waliofiwa na ndugu yao, hawakuridhika, maana katika haraka ile ilizikwa pamoja na watu wale kila habari ambayo ingeweza kujulikana juu ya jambo lenyewe.

Katika magereza ya kiraia kitanzi kilitumika mara ya mwisho mwaka 1999, watu 28 waliponyongwa Luzira. Waliobaki walisikia. Hawa walikuwa mamia, na wengine walikwisha kukaa humo miaka kumi, kumi na mitano, na zaidi, kila siku wakitega masikio kujua ni nani anayefuata. Mtu aliyekaa hivyo amekwisha kuonja mauti mara nyingi kabla ya mauti.

Ndipo mwaka 2003 lilipopelekwa shauri katika Mahakama ya Katiba. Aliyetangulia kwa jina ni Susan Kigula, mwanamke kijana aliyehukumiwa mwaka 2002 kwa kumwua bwana aliyekuwa akiishi naye, jambo alilolikana tangu mwanzo; na katika ushahidi uliomtia hatiani yalikuwamo maneno ya mtoto mdogo sana. Pamoja naye walikuwa wafungwa wengine 417, yaani karibu wote waliokuwa wakingoja kunyongwa katika Uganda wakati huo, Waislamu na Wakristo, wanaume na wanawake. Mawakili wao walifanya kazi bila ya malipo. Hawakuiambia korti kwamba watu hawa hawana hatia. Mlango huo haukuwa mbele yao siku hiyo. Miongoni mwa waliyoyasema ni haya. Kwanza, kwamba adhabu ya kifo yenyewe yapingana na Katiba. Pili, kwamba hata kama haipingani, kumlazimisha jaji aitoe bila ya kutazama hali ya mtu kwapingana nayo. Tatu, kwamba kumweka mtu miaka na miaka akingoja kitanzi ni mateso.

Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi wake tarehe 10 Juni 2005, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Juu ikalimaliza shauri tarehe 21 Januari 2009, Jaji Mkuu akiwa Benjamin Odoki. Neno la kwanza lilikataliwa: Katiba yenyewe, katika kifungu cha 22, yakubali kwamba uhai waweza kuondolewa kwa hukumu ya korti iliyo halali, baada ya kusikilizwa kwa haki na baada ya korti ya juu kabisa kuithibitisha. Lakini neno la pili na la tatu yalikubaliwa. Majaji walisema kwamba kusikilizwa kwa haki hakukomi pale mtu anapoonekana ana hatia, bali kwaendelea hata adhabu ipimwe. Mwizi wa kuku, kabla ya kufungwa, huulizwa na hakimu kama ana neno la kusema juu ya adhabu yake: ana watoto, ni mgonjwa, ni kosa la kwanza. Anayepelekwa kwenye kitanzi ndiye aliyekuwa haulizwi. Tena walisema kwamba kupima adhabu ni kazi ya korti, na Bunge likiandika adhabu moja isiyogeuka limeingia katika nyumba isiyo yake.

Juu ya kungoja, waliweka mpaka wa miaka mitatu. Aliyethibitishiwa hukumu na korti ya juu kabisa, na miaka mitatu ikapita bila ya kunyongwa wala kusamehewa, hukumu yake igeuke kifungo cha maisha. Na wale ambao rufaa zao zilikuwa bado, warudishwe Mahakama Kuu wasikilizwe juu ya adhabu tu.

Hapo pana jambo ambalo watu wengi hawakulielewa, wakasema kwamba korti imewafungulia wauaji. Haikumfungulia mtu kwa uamuzi ule. Iliwarudisha mbele ya jaji, na jaji alikuwa na ruhusa ya kuwapa kifo tena kama aliona wanastahili. Kilichobadilika ni kwamba sasa alipaswa kumtazama mtu aliyesimama mbele yake. Kigula alirudishwa mwaka 2011, akapewa kifungo cha miaka 20 badala ya kunyongwa, akatoka gerezani mwezi Januari 2016. Alipokuwa ndani alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London, akawa akiwasaidia wafungwa wenzake kuandika rufaa zao.

Uamuzi huu ulivuka mpaka. Katika Kenya, Mahakama ya Juu iliiondoa adhabu ya lazima ya kifo kwa kosa la kuua tarehe 14 Desemba 2017. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilihukumu katika shauri lililoletwa juu ya Tanzania kwamba adhabu hiyo yapingana na haki ya uhai. Mwaka huo huo Bunge la Uganda nalo lilipitisha mswada wa sheria ya kuiondoa lazima hiyo.

Lakini haki haikunyoka mara moja. Jaji aliyefunguliwa mikono aliweza kwenda huku na huku: kosa moja, miji miwili, huyu akapewa miaka 18 na yule akapewa 50. Kwa hiyo mwaka 2013 Jaji Mkuu alitoa maelekezo ya kupima adhabu, yaliyoweka kwa kosa la kuua miaka 35 kuwa mahali pa kuanzia, kisha jaji apande au ashuke kwa sababu atakazozitaja. Kifungo cha maisha nacho, ambacho zamani magereza yalikihesabu kuwa miaka 20, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2011, katika shauri la Tigo, kuwa ni mpaka mtu afe. Wako waliofurahi kuepuka kitanzi, kisha wakajua kwamba hawatatoka ila wamebebwa.

Na kuna habari ya siku za mahabusu. Katika Uganda mtu aweza kukaa miaka mitatu, minne, hata mitano kabla shauri lake halijasikilizwa. Katiba, katika kifungu cha 23, yaagiza kwamba muda huo utazamwe wakati wa kutoa adhabu. Kwa miaka mingi majaji waliandika tu kwamba wameutazama, na mfungwa hakuweza kujua ni siku ngapi zilizopunguzwa, au kama ilipunguzwa hata moja. Tarehe 3 Machi 2017, katika shauri la Rwabugande, Mahakama ya Juu iliamuru kwamba miaka hiyo itolewe kwa hesabu. Tangu hapo wafungwa wengi wamekata rufaa kwa neno hilo moja, na baadhi yao wamepunguziwa miaka kamili, si kwa huruma ya mtu, bali kwa kutoa tu.

Mpagi, baada ya kufunguliwa, hakukaa mbali na Luzira. Alirudi mara kwa mara kuwaona aliowaacha, akizungumza nao kupitia mlango ule ule, na katika nchi ya Masaka akashughulika na masomo ya watoto ambao wazazi wao wamo gerezani.