Taa ya gari linaloteleza ikiwaka kwenye dashibodi: kagua haya kabla hujanunua spea

Msikilizaji, umeshuka na gari kutoka shambani, njia ina matope, na ulipofika kwenye lami ukaona taa ya njano yenye picha ya gari na alama mbili zilizopinda chini yake. Baadhi ya magari huandika TRC, VSC au ESP. Wengine huipuuza kwa sababu gari bado linatembea, na wengine hukimbilia kununua spea. Njia zote mbili zinaweza kukugharimu.

Taa hii inahusu nini

Kila tairi lina senso inayosoma mwendo wake. Tairi moja likizunguka bure kwenye utelezi, kompyuta ya gari hupunguza nguvu ya injini au hulikamata tairi hilo kwa breki. Senso hizo hizo hutumiwa na ABS, mfumo unaozuia matairi yasiburuzike unapofunga breki ghafla. Ndiyo maana taa ya ABS na taa hii mara nyingi huwaka pamoja.

Isome taa kwanza

1. Inawaka na kuzima haraka haraka kwenye utelezi, kisha inatulia: mfumo unafanya kazi. Punguza mwendo.

2. Imeandika OFF: huenda kuna mtu amebonyeza swichi yake bila kujua. Bonyeza tena. Swichi hiyo ina kazi yake: gari likinasa kwenye tope zito, kuzima mfumo huu husaidia kutoka, kwa sababu injini hainyimwi nguvu. Ukishatoka, iwashe.

3. Imewaka muda wote, hata baada ya kuzima gari na kuliwasha tena: kuna hitilafu. Gari hutembea na breki za kawaida hufanya kazi, ila msaada wakati wa utelezi haupo. Endesha taratibu na ulipeleke likapimwe.

4. Imewaka pamoja na ABS na taa nyekundu ya breki: hakikisha kwanza hendibreki imeshuka. Kama imeshuka na taa nyekundu haizimi, simama mahali salama. Usianze kushuka mlima. Mafuta ya breki yanaweza kuwa yamepungua au mfumo wa breki una hitilafu kubwa. Ita fundi.

Unachoweza kukagua mwenyewe

Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe kwenye matairi.

Matairi: Yawe ya saizi moja na upepo uwe sawa. Tairi la spea lililo dogo au tairi lililokwisha sana huzunguka tofauti na mengine, na kompyuta hudhani gari linateleza.

Waya za senso: Chungulia nyuma ya kila tairi kwa tochi. Waya hukatwa na mawe, huchunika au hulegea. Barabara za mashamba ya Mufindi na Rungwe wakati wa mvua hujaza tope sehemu hiyo. Safisha kwa maji yasiyo na kasi kubwa na brashi laini. Senso ikiwa imegandia kwa kutu, usiigonge wala kuichokonoa kwa bisibisi. Huvunjika.

Betri: Betri dhaifu huweza kuwasha taa hizi. Kama taa imetokea baada ya betri kuchomolewa, katika baadhi ya magari inatosha kukata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, kisha kuendesha mwendo mfupi.

Taa ya injini: Kama nayo imewaka, anzia huko. Katika magari mengi ya Toyota, injini ikipata hitilafu, taa ya VSC huwaka pia ingawa senso za matairi ni nzima.

Ukienda kwa fundi

Muulize kama mashine yake inasoma ABS. Mashine nyingi za bei ndogo husoma injini tu, na zitasema gari halina tatizo. Mwambie akuonyeshe kodi kwenye kioo. Kwa Toyota nyingi, C0200 ni upande wa senso ya mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, na C0215 nyuma kushoto. Kodi inataja eneo tu, haithibitishi kwamba senso imekufa. Waya, plagi au beringi ya tairi hilo navyo vyaweza kuleta kodi hiyo hiyo. Mimi niliwahi kununua senso iliyotumika, nikafungiwa, taa ikarudi siku hiyo hiyo. Ilikuwa beringi. Tangu hapo sinunui kitu kabla waya na beringi havijapimwa.

Kama umetoka kupiga alaimenti na taa ikawaka, senso ya usukani inaweza kuhitaji kusawazishwa upya kwa mashine. Hapo hakuna spea ya kununua.

Kabla ya kushuka Kitonga

Hata taa ikiwa imezimika, mfumo huu hausimamishi gari lenye mwendo mkali. Kwenye mteremko wa Kitonga, Iringa, au Iwambi, Mbeya, weka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, acha nafasi kubwa nyuma ya lori, na usishuke na gia huru kwa kubana mafuta. Na yeyote asikudanganye kuitoa balbu ya taa ili isikusumbue, kwa kuwa hitilafu itabaki pale pale, nawe hutaonywa tena.