Kifungo cha nje si kuachiliwa huru

Siasa zikipamba moto hapa Nakuru, lazima mtu aseme korti "zinaachilia wezi". Tulieni kidogo. Sheria ya probesheni Kenya ni ya 1943, enzi za mkoloni; huduma yenyewe ikaanza 1946. Kabla ya hukumu, afisa anafika hadi kwenu, iwe Rhonda ama Kaptembwo, anauliza familia, chifu, hata aliyeibiwa. Ukipewa, ni miezi 6 hadi miaka 3 ya kuripoti kwake, huku ukiendelea na kibarua chako badala ya kufunzwa wizi na wazoefu jela. (Hii ndio sehemu wanasiasa huruka.) Ukivunja masharti, unarudishwa kortini uhukumiwe kwa lile kosa la kwanza.