Waran, mkuki wa wafugaji kati ya Tana na Juba

Waran ni mkuki kwa Kisomali. Kabla bunduki hazijaenea katika nyika kati ya mto Tana na mto Juba, ndiyo iliyokuwa silaha kuu ya mfugaji: ubapa wa chuma uliopachikwa kwenye mpini mrefu wa mti. Mkuki mwepesi wa kurusha huitwa hooto. Mkono wa pili ulishika gaashaan, ngao ndogo ya mviringo ya ngozi ngumu, mara nyingi ya choroa. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliyaonja makali ya mikuki ya Kisomali huko Berbera mwezi Aprili 1855, kambi yake iliposhambuliwa na mkuki ukampenya shavu hadi shavu.

Jina waran lina umri mkubwa. Kwa Kioromo, lugha ya Waborana na Waorma, mkuki ni waraana. Kisomali na Kioromo ni ndugu katika jamii ya lugha za Kikushi, na neno hili ni sehemu ya urithi wao. Miaka ya 1860, Wasomali wa ukoo wa Darod waliovuka Juba walipopigana na Waorma na kuwasukuma kuelekea Tana, pande zote mbili zilichomana kwa silaha yenye jina moja.

Ukiongeza -le, yaani "mwenye", unapata waranle, mwenye mkuki. Hapa ndipo neno lilipopata uzito wake mkubwa, kwani desturi iliwagawa wanaume mafungu mawili: waranle, mpiganaji, na wadaad, mtu wa dini, aliyetarajiwa kuwasuluhisha wanaogombana badala ya kupigana nao.

Chuma kilifuliwa na Tumaal, wahunzi wa Kisomali. Koo nyingine ziliitegemea kazi yao lakini zilikataa kuoana nao, dhuluma isiyofaa kuachwa nje ya historia ya silaha hii.

Katika Kioromo cha leo waraana ni pia vita na jeshi. Kwa Wasomali, ni ngao iliyoingia zaidi katika msamiati wa serikali: gaashaanle ni meja, na gaashaandhig, ulinzi, limo katika jina la wizara ya ulinzi ya Somalia. Mikuki yenyewe imebaki kwenye nembo ya nchi hiyo ya mwaka 1956, miwili, imepishana chini ya ngao.