Jina Ndani ya Mkataba: Mpasuko wa MDR, Julai 1993

Julai 1993, wajumbe wa serikali ya Rwanda na wa waasi wa RPF walipokuwa wakikamilisha mazungumzo ya amani Arusha, chama kikuu cha upinzani, MDR, kilipasuka Kigali. Mwenyekiti wake, Faustin Twagiramungu, alikuwa mzaliwa wa Cyangugu, upande wa nchi ambao watu wake huvukia mpaka wa Rusizi I kwenda Bukavu, Kongo. Mara nyingi mpasuko huo huelezwa kama tamaa ya vyeo, au kama chuki ya kikabila iliyopata jukwaa. Yote mawili yalikuwapo. Lakini hayaelezi kwa nini mgogoro wa mwenyekiti na halmashauri yake ulishindikana kumalizwa ndani ya chama, na jibu lake limo katika maandishi ya mkataba wenyewe.

MDR kilifufuliwa mwaka 1991, vyama vingi viliporuhusiwa tena, kikiwa na urithi wa Parmehutu, chama cha rais wa zamani Grégoire Kayibanda, baba mkwe wa Twagiramungu. Aprili 1992 kilimtoa Dismas Nsengiyaremye kuwa waziri mkuu wa serikali ya mseto. Muda wake ulipokwisha, Twagiramungu alimuunga mkono Agathe Uwilingiyimana, waziri wa elimu, naye akateuliwa katikati ya Julai 1993. Vigogo wengi wa chama walikataa. Siku chache baadaye waliitisha mkutano mkuu wa dharura huko Kabusunzu, Kigali, wakawafukuza wote wawili na kumpendekeza Jean Kambanda awe waziri mkuu wa serikali ya mpito.

Twagiramungu hakuutambua uamuzi huo. Tarehe 4 Agosti, Rais Juvénal Habyarimana na mwenyekiti wa RPF, Alexis Kanyarengwe, walitia saini Mkataba wa Arusha, na ibara yake ya 6 ilimtaja Twagiramungu kwa jina kuwa waziri mkuu.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Serikali ya mpito ilipewa nafasi 21: MRND, chama cha Habyarimana, 5, RPF 5, MDR 4 pamoja na uwaziri mkuu, PSD 3, PL 3 na PDC 1. Maafikiano yakikosekana, uamuzi ulihitaji theluthi mbili, yaani kura 14. RPF na vyama vyote vya upinzani kwa pamoja walikuwa na 16 bila MRND. Ukiziondoa nne za MDR, wanabaki 12. Kwa upande wa pili, MRND ikizipata hizo nne inafikisha tisa, nazo zinatosha kuzuia uamuzi wowote. Kwa hiyo aliyemiliki muhuri wa MDR alishika pia uwezo wa kuutekeleza mkataba au kuukwamisha. PL nacho kiligawanyika kwa namna hiyo hiyo, na orodha za mawaziri na wabunge zikabishaniwa mpaka Aprili 1994 bila serikali ya mpito kuundwa.

Linganisha na UKIP, chama cha Uingereza kilichoundwa Septemba 1993 kupinga Umoja wa Ulaya. Baada ya kura ya maoni ya Juni 2016 ya kujitoa katika umoja huo, kiongozi wake, Nigel Farage, alijiuzulu. Diane James, aliyechaguliwa Septemba, alikaa siku 18 tu. Henry Bolton aliondolewa kwa kura ya wanachama Februari 2018. Ugomvi ulikuwa mkali, lakini hakuna mkataba uliokuwa umempa kiongozi wa UKIP kiti serikalini. Mwaka 2019 Farage aliongoza chama kingine, na dola haikutikisika kwa kuhama kwake.

Rwanda haikuwa na nafasi hiyo. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, Mhutu, aliuawa. Siku mbili baadaye Froduald Karamira, kigogo wa MDR, alisimama katika uwanja wa Nyamirambo akahubiri mshikamano wa Wahutu wa vyama vyote, na kundi lililompinga Twagiramungu likajulikana wazi kama Hutu Power. Uwilingiyimana aliuawa tarehe 7 Aprili 1994. Kambanda, chaguo la Kabusunzu, aliapishwa kuwa waziri mkuu tarehe 9, akaiongoza serikali iliyosimamia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwaka 1998 alikiri hatia mbele ya mahakama ya kimataifa, mjini Arusha, akahukumiwa kifungo cha maisha. Twagiramungu aliokolewa na askari wa Umoja wa Mataifa, akashika uwaziri mkuu Julai 1994 hadi Agosti 1995.

Kusema hivi si kuutwisha mkataba dhambi ya wauaji. Waliopanga mauaji walijua walichokuwa wakifanya, na wangetafuta njia nyingine. Kosa la waandishi wa mkataba ni dogo zaidi, nalo linaweza kurekebishwa: waliandika jina la mtu pale palipohitajika utaratibu. Hawakusema ni chombo gani kingeamua, ndani ya siku ngapi, iwapo pande mbili za chama kimoja zingeleta orodha mbili.

Ng'ambo ya Rusizi I, Bukavu imekuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Februari 2025, na mazungumzo ya kundi hilo na serikali ya Kongo yamefanyika Doha. Yakifika kwenye mgawanyo wa madaraka, kila upande utakaoahidiwa viti utakuwa na mirengo yake. Kifungu cha kuamua nani ana haki ya kusema kwa niaba ya upande huo kiandikwe kabla ya orodha ya viti, na mwamuzi wake atajwe humo humo.