Maji Safi Mno kwa Samaki

Leo tuache programu kidogo, tuzungumze kuhusu maji. Hapa Nairobi wengi wetu hununua maji ya mtungi yaliyosafishwa kwa mashine ya osmosisi ya kinyume. Basi mtu hujiuliza: kama yananifaa mimi, si yatawafaa zaidi samaki wangu wa maji baridi? Jibu langu ni hapana, si yakiwa peke yake. Sababu yake ilianza kuonekana mwaka 1748.

Mwaka huo Jean-Antoine Nollet, shemasi na mwanafizikia wa Ufaransa, alijaza pombe kali chomboni, akaufunika mdomo wake kwa kibofu cha nguruwe, akakitumbukiza majini. Kibofu kikavimba: maji yalikuwa yakipenya ndani. Hiyo ndiyo osmosisi. Maji hupita kwenye utando kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando uliopitisha maji kwa kasi ya kutosha. Maji ya chumvi yakisukumwa kwa nguvu, maji hupita na chumvi hubaki nyuma. Mwaka 1965 mji wa Coalinga, California, ukaanza kupata maji ya kunywa kwa njia hiyo.

Sasa mtazame samaki. Matamvua yake nayo ni utando, na damu yake ina chumvi kuliko maji baridi. Maji humwingia usiku na mchana. Huyatoa kwa mkojo, kisha hufidia chumvi inayopotea kwa kuinyonya kutoka majini. Katika maji yasiyo na chochote, atafidia kutoka wapi? Tena, bila kaboneti ya kuzuia asidi inayotokana na uchafu wa tangi, pH inaweza kuporomoka ghafla.

Kwa hiyo yachanganye. Maji ya bomba yenye ugumu wa digrii 12, ukishayatoa klorini, yakichanganywa nusu kwa nusu na ya mashine huwa digrii 6. Au rudisha madini kwa chumvi maalumu za tangi, ukipima. Badilisha kidogo kidogo. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanataka maji magumu. Wengi wa Amazon wanataka laini. Maji matupu yanafaa kujazia yaliyopotea kwa mvuke tu, kwani madini hayaondoki na mvuke.

Mimi nayaona kama diski iliyofutwa yote: ni safi kweli, lakini bila kuiwekea kitu kompyuta haiwaki. Mwasemaje?